Simuleta Ipimwe kwa Sikio, Isipimwe kwa Mshindo

Mtu anayeingia kwa mara ya kwanza katika jumba la simuleta kubwa ya kufundishia marubani, akaliona sanduku jeupe lenye uzito wa tani kumi na zaidi limebebwa juu ya miguu sita ya chuma, likiinama, likiinuka na kulalia ubavu bila ya kuondoka mahali pake, aghalabu hustaajabia ukubwa wa mtikisiko wake; na wanunuzi wa vyombo hivi, hata wale waliokabidhiwa fedha za umma, ni wepesi wa kutoka humo na itikadi kwamba chombo kinachotikisika zaidi ndicho kilicho karibu zaidi na kweli. Itikadi hiyo ni ya hatari, nami naipinga kwa nguvu zangu zote. Ubora wa jukwaa la mwendo haumo katika urefu wa miguu yake wala katika mshindo wake, bali umo katika mwendo kuja kwa wakati wake na kwa kadiri yake; na pale ambapo chombo hakina uwezo wa kumpa rubani hisi iliyo sahihi, ni heri kisimpe hisi yoyote, na mwalimu amjulishe mwanafunzi waziwazi kwamba hapo amenyimwa.

Asili ya ufundi huu haikuwa katika kiwanda cha ndege, bali katika kiwanda cha vinanda. Edwin Link, kijana wa mji wa Binghamton katika jimbo la New York, ambaye jamaa zake walikuwa wakiunda piano na vinanda vya upepo, alipojifunza urubani aliona kuwa masomo ya hewani yana gharama kubwa mno. Basi mwishoni mwa miaka ya 1920 akachukua mivukuto na pampu zile zile zilizokuwa zikivipa pumzi vinanda vya kwao, akazipanga chini ya kiwiliwili kidogo cha ndege chenye mbawa fupi, akapata chombo kilichoinama na kugeuka kwa kufuata mkono wa mwanafunzi. Hati ya kulinda uvumbuzi wake ilitolewa 1931, na wateja wake wa awali walikuwa wenye viwanja vya burudani. Jeshi la Marekani halikukithamini mpaka 1934, lilipopewa kazi ya kubeba barua kwa ndege, na marubani wake, waliozoea kuruka mchana katika hewa safi, wakaanza kufa mmoja baada ya mwingine katika usiku, mawingu na theluji. Ndipo likanunua vyombo sita. Na Vita Vikuu vya Pili vilipokwisha, wanahewa zaidi ya nusu milioni walikuwa wamekwisha kuketi katika sanduku la Link. Nalo halikuiga mwendo wa ndege kwa usahihi mkubwa. Faida yake ilikuwa kumfundisha rubani aliyefungiwa gizani kwamba mwili wake ni shahidi asiyetegemewa, na kwamba yampasa kuvisadiki vipimo vilivyo mbele ya macho yake.

Miguu sita tunayoiona leo ilizaliwa kwa haja nyingine. Eric Gough, mhandisi wa kampuni ya matairi ya Dunlop huko Birmingham, Uingereza, alihitaji katikati ya miaka ya 1950 mashine ya kulikandamiza tairi kwa pande zote kwa wakati mmoja, kama linavyokandamizwa ndege inapotua, akabuni meza iliyobebwa na jeki sita, kila moja ikirefuka na kufupika kwa kiasi chake. Mwaka 1965 D. Stewart alitoa makala akipendekeza jukwaa la miguu sita kwa mafunzo ya urubani, na huko Philadelphia, Klaus Cappel alikuwa amekwisha kulifikia wazo hilo kwa njia yake mwenyewe. Kwa jeki sita tu sanduku hupata miendo yote sita ambayo kitu kinaweza kuwa nayo duniani: kwenda mbele na nyuma, kwenda kando, kupanda na kushuka, kulalia ubavu, kuinua na kuinamisha pua, na kuigeuza pua kushoto au kulia. Lakini kuweza kufanya miendo yote si kuweza kuifanya yote kwa urefu wake, na hapa ndipo kazi inapomtoka fundi wa chuma na kumwangukia anayelijua sikio la mwanadamu.

Ndani ya kila sikio mna mifereji mitatu myembamba iliyopindika nusu duara, imejaa majimaji, ambayo huhisi kichwa kinapoanza kuzunguka. Na kando yake mna vifuko viwili vyenye chembe za chokaa zilizolala juu ya vinyweleo, ambavyo huhisi mvuto wa ardhi pamoja na kila msukumo wa mbele, nyuma, kando, juu na chini. Viungo hivi, pamoja na uzuri wa maumbile yake, vina mipaka miwili. Mifereji haitambui mzunguko ulio wa pole sana, na wahandisi wengi huushika wastani wa nyuzi tatu kwa sekunde kuwa ndio mpaka wenyewe. Vifuko navyo haviwezi kupambanua baina ya mwili unaosukumwa mbele na mwili uliolazwa nyuma, kwani kwa vyote viwili zile chembe huteleza upande ule ule. Na ikiwa macho hayana la kushuhudia, akili haina njia ya kuamua ni lipi kati ya hayo mawili.

Sasa tuitazame ndege inapoondoka. Rubani anasukuma mbele vishikio vya injini, ndege inachapuka kwa kadiri ya robo ya nguvu ya mvuto wa ardhi, na mchapuko huo unadumu kiasi cha nusu dakika. Lau jukwaa lingetaka kuufuata mwendo huo kama ulivyo, lingehitaji njia ya zaidi ya kilomita moja, ilhali miguu yake hairefuki zaidi ya mita moja na nusu hivi. Katika kitambo cha kwanza fundi hulisukuma sanduku mbele kweli kweli, hatua fupi tu, ili rubani ahisi kiti kikimgusa mgongo papo hapo mkono wake ulipoamrisha. Kabla miguu haijafika mwisho wake, huanza kuliinua sanduku upande wa pua, taratibu, bila kuuvuka ule mpaka wa nyuzi tatu kwa sekunde, ili mifereji ya sikio isitanabahi. Na picha ya njia ya kurukia iliyo mbele ya rubani huinuka pamoja na sanduku, hivyo macho huona kuwa ardhi iko sawa. Baada ya sekunde tano hivi sanduku limelala nyuma kwa nyuzi 14 au 15, uzito wa mwili umeegemea mgongo wa kiti, na kila kiungo cha rubani kinamshuhudia kuwa anakimbia mbele kwa nguvu, naye hajasogea hata mita mbili. Baina ya msukumo wa mwanzo unaofifia na mwinamo unaokuja pana pengo, na pengo hilo ndilo linalomtambulisha fundi hodari: asiyejua huliacha wazi, na rubani akahisi ndege imekatwa nguvu ghafula kisha ikazirudia, ajuaye hulipunguza mpaka mwili usilitambue.

Ustadi huu nauheshimu sana, lakini heshima hiyo hainisahaulishi kwamba kosa lile lile la sikio ambalo fundi hulitumia kwa kheri limekwisha kuua watu hewani. Usiku wa tarehe 23 Agosti 2000, Airbus A320 ya Gulf Air iliyotoka Cairo ilikuwa ikijaribu kutua Bahrain. Rubani aliacha kutua, akazipa injini nguvu ili azunguke arudi tena, na mbele yake palikuwa na bahari na giza tupu. Kasi ilipoongezeka, vifuko vya sikio vilifanya kama vifanyavyo siku zote: vikautafsiri mchapuko kuwa ni mwinuko. Rubani akasukuma fimbo ya usukani mbele, akaishikilia huko sekunde kadhaa, ndege ikaelekea majini, na watu wote 143 waliokuwamo wakafa. Wachunguzi waliitaja hadaa hiyo ya mwili miongoni mwa sababu za msiba, pamoja na makosa ya mwenendo wa kazi ndani ya chumba cha marubani. Ndipo ninaposema kwamba jukwaa linaloinamishwa kuiga mchapuko ni darasa adimu, maadamu mwalimu yuko tayari kulitumia: azime picha ya nje, amwache mwanafunzi ahisi pua ikiinuka, kisha amwonyeshe kipimo kinachosema kuwa pua haikuinuka kwa kiasi hicho. Somo hilo ni la dakika chache, nalo hakuna kitabu kinachoweza kulitia mwilini.

Mwendo uliokwisha kutolewa lazima urudishwe, kwani jukwaa lililofika mwisho wa miguu yake halina la kutoa tena. Kwa hiyo kila msukumo hufuatwa na marejeo ya siri kuelekea katikati, ya pole kiasi cha kutohisiwa. Hesabu za marejeo hayo ziliandikwa na Stanley Schmidt na Bjorn Conrad kwa ajili ya NASA, zikatolewa 1970, na katika miaka ya 1980 Lloyd Reid na Meyer Nahon wa Chuo Kikuu cha Toronto wakazilinganisha na namna nyingine za hesabu, wakawapa marubani wazihukumu. Fundi anayetaka kumridhisha mtazamaji huzipa hesabu hizo ukali, sanduku likaruka kwa kishindo na kurudi kwa kishindo, na mwanafunzi akahisi msukumo wa pili, wa upande wa kinyume, ambao ndege yake haikuufanya kamwe. Huo ni ushahidi wa uongo. Mwili ukizoea kuusadiki katika simuleta, utautafuta hewani na hautaukuta.

Kuchelewa ni kasoro kubwa zaidi kuliko udogo wa mwendo. Kanuni za Marekani zilizotumika kwa miaka mingi ziliruhusu simuleta za daraja za juu kuchelewa sehemu 150 za elfu ya sekunde tangu mkono wa rubani ulipoamrisha, na zilisisitiza kwamba picha isitangulie mbele ya mwendo, kwani katika ndege halisi mwili huhisi kabla ya macho kuona. Abiria aliyeshuka ngamani mwa jahazi linapokwenda mrama hushikwa na kigegezi kabla ya nahodha aliyekaa juu akiutazama upeo wa bahari, kwa sababu macho ya yule aliye chini humwambia ametulia na sikio lake humwambia anayumba. Na simuleta ambayo macho na sikio vimepishana ndani yake humtenda rubani vivyo hivyo, akatoka na kisunzi, na baya zaidi, akatoka na mazoea ya kupunguza kugeuza kichwa na kupunguza ukali wa mkono wake ili asiumwe. Kigegezi hupita kwa kulala usiku mmoja. Mazoea hayo humfuata mpaka ndani ya ndege.

Wako waliojaribu kuishinda mipaka hii kwa ukubwa. NASA ina simuleta huko Moffett Field, California, iliyojengwa ndani ya jengo refu, inayopanda na kushuka kwa mita 18 na kwenda kando kwa mita 12, na humo marubani wa Space Shuttle walifanya mazoezi ya kutua. Chuo Kikuu cha Iowa kina simuleta ya magari inayotembea katika uwanja wa takriban mita 20 kwa 20, na Toyota wana yao huko Japani yenye njia ya mita 35 kwa 20. Vyombo hivyo ni vya utafiti, navyo vinastahiki gharama yake. Dereva hukata kona na kufunga breki kila mara, wala mwinamo wa pole hauwezi kufuatana na mguu wake, hivyo gari ni gumu kuigwa kuliko ndege kubwa ya abiria, jambo ambalo watu wengi hawalitarajii.

Je, jukwaa lina haja yoyote? Swali hili si la kipuuzi. Judith Bürki-Cohen na wenzake wa kituo cha Volpe cha serikali ya Marekani, huko Cambridge, Massachusetts, waliwapima marubani wenye uzoefu wa mashirika ya ndege, baadhi wakizoezwa kwa jukwaa linalotembea na baadhi kwa jukwaa lililozimwa, kisha wote wakajaribiwa kwa jukwaa linalotembea, na tofauti iliyoonekana baina yao haikuwa na uzito wa kikazi. Wako walioshika matokeo hayo wakataka miguu yote iondolewe, fedha zake zipelekwe kwenye picha bora. Wengine walijibu, nami naona jibu lao lina nguvu, kwamba kama mwendo unaotolewa na jukwaa la kawaida umepunguzwa sana, hasa ule wa kando, ambao ndio unaomtahadharisha rubani injini moja inapozimika, basi kutokuwapo kwake hakutaonekana sana. Na majaribio ya baadaye katika ile simuleta refu ya NASA yalionyesha kwamba kwa kazi fulani fulani kiasi cha mwendo hubadili namna rubani anavyoushika usukani. Mimi ninachokiokota katika ubishi huo ni kwamba jukwaa lililorekebishwa vibaya halina tofauti na jukwaa lililozimwa, isipokuwa kwa bei.

Wala tusidhani kuwa ubaya wake unakomea kwenye hasara ya fedha. Tarehe 12 Novemba 2001 Airbus A300 ya American Airlines iliondoka New York kwenda Santo Domingo, ikaingia katika msukosuko wa hewa ulioachwa na ndege kubwa iliyoitangulia. Rubani msaidizi, aliyekuwa akiirusha, alikanyaga pedali za usukani wa mkia mpaka mwisho, kulia, kushoto, kulia tena, katika muda wa sekunde chache, mpaka mkia wa wima ukakatika. Walikufa watu 260 waliokuwa ndani na 5 waliokuwa chini katika nyumba zao. Bodi ya uchunguzi ya Marekani, pamoja na kuulaumu wepesi wa pedali za ndege hiyo, iliyataja mafunzo ya shirika miongoni mwa mambo yaliyochangia. Kwani katika zoezi moja la kujinasua na msukosuko, simuleta ilikuwa imepangwa izuie kwa muda usukani usiitikie, ili ndege ilale ubavu kupita kiasi na mwanafunzi apate somo la kutisha. Aliyelipanga zoezi hilo bila shaka alikusudia kheri. Lakini mwanafunzi alitoka na fundisho kwamba ndege kubwa iliyoguswa na msukosuko huenda ikalala kabisa na kwamba usukani wake ni mzito wa kuitika; na jukwaa la miguu sita, ambalo haliwezi kumrusha mtu kando kwa nguvu ambayo mkia wa ndege halisi humrusha, halikuwa na njia ya kumwonya miguu yake mwenyewe inafanya nini juu ya pedali. Kila ninapousoma mkasa huu nawafikiria wale watu watano waliokuwa majumbani mwao.

Mkasa wa pili uko karibu zaidi nasi. Tarehe 10 Machi 2019 Boeing 737 MAX ya Ethiopian Airlines, iliyokuwa ikija Nairobi, ilianguka karibu na Bishoftu dakika sita baada ya kuruka, na katika watu 157 waliokufa 32 walikuwa Wakenya. Marubani, baada ya kuuzima umeme uliokuwa ukiisukuma pua chini, walijaribu kuirekebisha ndege kwa gurudumu la mkono lililo ubavuni mwa kiti, na gurudumu halikuwatii, kwa kuwa kasi ilikuwa kubwa na hewa imeukandamiza mkia. Sisemi kwamba simuleta ndiyo iliyoiangusha ndege ile. Sababu zake zimekwisha kuelezwa, na mzigo mkubwa uko kwa mpango wa ndege wenyewe. Lakini mwezi Mei mwaka ule Boeing ilikiri kwamba programu ya simuleta za ndege hiyo ilihitaji kusahihishwa kwa sababu haikuweza kuiga baadhi ya hali za urukaji, na ugumu wa gurudumu lile ulikuwa ndio kiini cha habari. Jukwaa linaweza kutikisa sanduku la tani kumi kwa uhodari wote, na gurudumu dogo lililo kando ya goti la rubani likawa jepesi kuliko lilivyo hewani. Na siku ya haja ni gurudumu linaloamua. Uhalisi wa mwendo haukomi kwenye miguu ya chuma. Umo pia katika uzito ambao mkono unakutana nao, na katika mtetemo unaopanda kutoka sakafuni.

Nchi zetu zimekuwa zikiwapeleka marubani wake ng'ambo kupimwa, na Addis Ababa imekuwa kituo kikubwa cha simuleta katika upande huu wa Afrika. Sasa vinakuja vyombo vidogo vya bei nafuu: Aprili 2021 EASA, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya, iliidhinisha kwa mara ya kwanza simuleta ya helikopta ya Robinson R22 ambayo rubani huvaa miwani ya uhalisia pepe, akaketi juu ya jukwaa dogo la miguu sita. Habari hii naipokea kwa furaha, kwa kuwa inaufungua mlango kwa vyuo vya Dar es Salaam, Nairobi na Entebbe ambavyo havina fedha za sanduku jeupe. Ila miwani hiyo humfunika rubani macho yote mawili, na mwenye kufunikwa macho huumizwa zaidi na kila kuchelewa, hivyo usahihi wa wakati unatakiwa humo maradufu.

Basi wakuu wa vyuo watakapoitwa kutazama chombo cha namna hii, nawaomba wasiridhike kwa kuliona sanduku likiruka mbele yao. Wadai maandishi ya vipimo vya kuchelewa, yaliyochukuliwa kwenye chombo kile kile wanachouziwa, wala si kwenye ndugu yake aliyeko kiwandani. Wamwite rubani mwenye saa nyingi katika aina ile ile ya ndege, wamwache akirushe chombo peke yake kwa siku nzima, mara jukwaa likitembea na mara limezimwa, kisha waandike asemayo hata kama muuzaji hayapendi. Na wataalamu wa chombo watoe orodha ya hali ambazo hakiwezi kuziiga: ni msukumo gani wa kando umepunguzwa na kwa kiasi gani, ni uzito gani wa usukani umekadiriwa bila ya kupimwa hewani, ni wapi hesabu zimekoma na kukisia kumeanza. Orodha hiyo ikabidhiwe kila mwalimu, naye amsomee mwanafunzi kabla ya kufunga mkanda. Na mamlaka zetu za usafiri wa anga zisitie sahihi kwenye hati ya kibali mpaka zimeiona.